Kufanya kazi kando ya mto wenye kasi: mwongozo kamili wa kufunza timu yako, hatua kwa hatua

Huu mwongozo ni wa watu ambao mto ndo ofisi yao. Wanaojenga madaraja na makalavati, wachimba mchanga na mawe kwenye mito yetu ya Uganda kama Nyamwamba na Manafwa, vijana wa kupima kina cha maji, mafundi wa mabomba yanayovuka mto, masavea, na madereva wa ekskaveta wanaotumwa kuondoa matope baada ya mafuriko. Wengi wenu mnajua kuogelea, na hapo ndo shida inaanzia, mana mtu akishazoea kuogelea ziwani anadhani mtoni atafanya hivyohivyo, na mto wenye kasi haumpi mtu nafasi ya kufanya alivyozoea.

Niseme mapema ninachoamini. Mafunzo mazuri ya mto, sehemu kubwa unayafanya ukiwa mkavu. Unafunza watu wasiingie majini, unawafunza kurusha kamba toka ukingoni mpaka mikono ijue yenyewe, na unampa mtu mmoja mamlaka ya kusimamisha kazi bila kuuliza bosi. Ukikosa hayo matatu, hata ukinunua jaketi za kuelea mpya za timu nzima bado hujamlinda mtu.

HATUA YA KWANZA: WAONYESHE NGUVU YA MAJI, USIWAAMBIE TU

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji ya mita moja kwa mita moja kwa mita moja ni tani nzima, na hiyo tani inatembea. Afu kuna hili ambalo wengi hawalijui: spidi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokusukuma inaongezeka mara nne. Ikiwa mara tatu, nguvu ni mara tisa. Ndo mana mto uliouvuka asubuhi ukiwa unacheka unaweza kukubeba saa nane mchana wakati kwa macho unaona umeongezeka kidogo tu.

Sasa ipelekeni timu ukingoni mpime wenyewe. Pima mita 10 kando ya mto, weka jiwe mwanzo na jiwe mwisho, tupa kijiti katikati ya maji, hesabu sekunde kwa simu. Kikichukua sekunde 5, maji yanakwenda mita 2 kwa sekunde. Waulize: mtu akianguka hapa, nikishtuka, nikigeuka, nikashika kamba, zimepita sekunde ngapi? Tuseme 5, basi ameshafika mita 10 kutoka alipoangukia. Dakika moja baadaye yuko mita 120 huko chini. Hesabu hiyo ndo itakwambia mrushaji wa kamba asimame wapi, tutairudia.

Kwa wale wanaopaswa kuingia kwa miguu, mfano wapimaji, kuna hesabu rahisi: zidisha kina (kwa mita) na spidi (mita kwa sekunde). Jibu likipita 0.6, mtu mzima usiingie. Nusu mita ya maji, yani kama magotini, yakikimbia mita 1.2 kwa sekunde, umeshafika 0.6. Na hiyo ni kwa chini pakiwa sawa na pagumu, kwenye mawe ya kuteleza kama ya mito ya Rwenzori uwe mkali zaidi, mi ningeishia 0.4.

HATUA YA PILI: JUA MTO WAKO UNAPANDA KWA SABABU GANI

Hapa Uganda kuna mito ya aina mbili kwa kazi yetu, na usizichanganye.

Ya kwanza ni mito ya milimani, ya Rwenzori na ya Elgon. Hii inapanda kwa ghafla na inabeba mawe na magogo. Nyamwamba ilishuka Kilembe na Kasese Mei 2013, ikarudi tena Mei 2020 ikaharibu hospitali ya Kilembe. Bududa Oktoba 2018 ni udongo wa mlimani ulioingia mto Suume, na maji yakashuka na mawe makubwa na miti juu ya watu. Mbale usiku wa Julai 30 kuamkia 31 mwaka 2022, Nabuyonga na Namatala zilitoka kwenye kingo zake. Kwenye mito hii mvua inayokuua inaweza kunyesha mlimani wakati wewe uko kwenye jua kali huku chini. Kwa hiyo usiangalie mbingu iliyo juu ya kichwa chako, angalia mlima.

Ya pili ni Nile chini ya mabwawa. Kuanzia Nalubaale na Kiira pale Jinja, kuna Bujagali (megawati 250), chini zaidi kuna Isimba (megawati 183), na kila bwawa linaachia maji kwa kadiri ya umeme unaotakiwa na maji yanayotoka ziwani. Yani maji yanaweza kupanda au kushuka bila tone la mvua. Jiwe ulilosimama juu yake saa nne asubuhi linaweza kuwa chini ya maji jioni watu wakiwasha taa. Ukiwa na kazi maeneo ya Kayunga au Kamuli kandokando ya Nile, usianze kabla ya kupata mtu wa bwawani wa kukupa ratiba na kukupigia simu ikibadilika. Iwe namba ya simu inayopokelewa, barua peke yake haitoshi.

Kwa mito ya mlimani fanya hivi: tafuta watu wawili juu ya mto, wanaokaa karibu na maji, tofauti ya kilomita kadhaa. Mwenyekiti wa LC1, yani wa kijiji, atakupa jina la mtu, mara nyingi ni mama mwenye duka au mzee mwenye shamba kando ya mto. Nenda kwake mwenyewe, msalimie vizuri, mweleze kazi yenu, muachie pesa ya airtime, mwambie: mama, maji yakibadilika rangi au sauti tupigie, hata kama ni bure hatutakasirika. Hiyo simu moja ina faida kuliko vifaa vingi. Na akipiga mkatoka majini afu mto usipande, mshukuru vilevile, mana ukimlaumu mara moja hatapiga tena.

Dalili zenyewe kila mtu azijue kwa moyo: maji safi yanakuwa ya udongo, majani na vijiti vinaanza kupita vingi, unasikia mawe yanagongana chini, harufu ya udongo mbichi, au maji yanapungua ghafla bila sababu. Hiyo ya mwisho watu huifurahia, wakati inaweza kuwa kuna kitu kimeziba juu na kitaachia. Mtu akiona mojawapo, wote nje. Afu kila asubuhi chomeka ukingoni kijiti chenye alama za rangi kila sentimita 10, na kila nusu saa mtu anasoma na kuandika.

HATUA YA TATU: VIFAA

Hapa nitapita haraka isipokuwa pale watu wanapokosea sana.

Jaketi la kuelea linavaliwa na kila mtu aliye ndani ya mita 3 za ukingo, foromani akiwemo, mgeni wa ofisini akiwemo. Limefungwa, sio limening'inia. Jaribu hivi: mvalishe mtu, funga mikanda yote, afu simama nyuma yake umvute jaketi mabegani kwenda juu. Likifika masikioni, halimfai. Yale ya bei ya chini ya sponji yaliyopasuka pasuka, yaliyokaa juani miaka, yapime majini na mtu mzima kabla ya kuyaamini.

Helmeti ya saiti ya ujenzi sio ya mtoni, ile yenye ukingo mbele maji yanaishika na kukuvuta shingo. Ya mtoni ina matundu ya kutolea maji na mkanda wa kidevu. Gambuti acha nyumbani. Watu hubisha hapa, lakini gambuti ikijaa maji unashindwa kupiga miguu, na kupanda ukingo nayo ni kama umefungwa mfuko wa simenti kila mguu. Vaa viatu vya kamba vinavyobana. Koti refu la mvua nalo hapana. Kila mtu filimbi shingoni, ya plastiki, isiyo na ile mbegu ndani mana ikilowa hailii vizuri.

Kamba ya kurusha: mita 15 mpaka 20, ya aina inayoelea, imeingizwa kwenye mfuko wake. Angalau mbili kwa kila saiti. Kamba ya nailoni ya kawaida ya kufungia mizigo inazama na kushika mawe, usiitumie.

Na hili nisikilizeni vizuri ndugu zangu. Usimfunge mtu kamba kiunoni akaingia majini. Najua inafanyika kila mahali, najua inaonekana ni akili. Akianguka, kamba ikikaza, maji yanamsukuma chini na yanamshikilia hapohapo chini ya maji, na nyie mkivuta ndo mnamzamisha zaidi. Wenye mafunzo ya juu wana jaketi maalum lenye mkanda wa kujifungua kwa kuvuta kitu kimoja. Kama huna hilo na hujafunzwa nalo, hakuna kamba mwilini. Basi.

Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inampa mwajiri jukumu la kuwalinda wafanyakazi na kuwapa vifaa vya kujikinga, kwa hiyo kuomba jaketi sio kuomba msaada.

HATUA YA NNE: PANGA WATU KABLA YA KAZI

Kazi yoyote ya ukingoni ina watu wa aina tatu. Wanaofanya kazi. Mlinzi wa juu, anasimama mto unakotoka, mahali anapoona mbali, kazi yake ni kuangalia magogo na maji yanayopanda. Na warushaji wa chini, wawili ikiwezekana, kila mmoja na kamba mkononi, sio kwenye begi. Mlinzi wa juu hashiki simu ya Facebook, hapewi koleo, hatumwi maji ya kunywa. Akipuliza, kazi imekwisha mpaka yeye aseme, hata kama zege liko nusu. Bosi atangaze hivyo mbele ya wote, kwa mdomo wake, mana kijana wa miaka 20 hatapuliza filimbi kama anaogopa kufukuzwa.

Warushaji wasimame wapi? Rudi kwenye ile hesabu. Maji ya mita 2 kwa sekunde, wa kwanza asimame mita 10 mpaka 20 chini ya wanapofanya kazi, wa pili mita 20 zaidi chini yake, mana kama wa kwanza amekosa hana muda wa kurusha tena. Na wote wawili wawe JUU ya hatari yoyote, yani kabla ya mti ulioanguka, kabla ya nguzo za daraja, kabla ya maporomoko. Kama hatari iko mita 15 tu chini ya kazi, basi hapo sio pa kufanyia kazi, mpaka mti ukatwe au mto ushuke.

Mti ulioanguka mtoni ndo unaua kimyakimya. Maji yanapita katikati ya matawi, mtu hapiti, anabanwa pale na tani za maji mgongoni. Kalavati iliyoziba nusu ni hivyohivyo. Na kingo za saruji zinazovuka mto mzima, zile fupi ambazo maji yanaanguka mita moja tu, zinaonekana za mchezo lakini maji yanayoanguka yanajizungusha na kukurudisha ukutani kila ukitoka. Usikaribie kwa juu wala kwa chini.

Ishara ziwe chache mana mto una kelele, na timu zetu mtu mmoja anasema Lukonzo, mwingine Luganda, mwingine Kiswahili cha Arua. Mlio mmoja: niangalie. Mitatu inayorudiwa: dharura. Mlio mrefu usiokatika: wote nje ya maji. Kiganja kimegusa utosi wa kichwa: niko sawa. Na ukimwonyesha mtu kwa kidole, onyesha upande wa KWENDA, usionyeshe hatari, atakwenda unakoonyesha.

Wafukuze pia kwa upole watoto wanaooga na watu wanaoosha boda chini ya saiti. Kitu mkiangusha kinawafikia wao.

HATUA YA TANO: MAZOEZI YA NCHI KAVU

Anzeni uwanjani. Legeza mdomo wa mfuko, shika ncha ya kamba kwa mkono mwingine, piga kelele "KAMBA!" mpaka mtu akuangalie, afu rusha ipite juu yake kidogo ili kamba imwangukie kifuani. Mfuko ukimfika ukaishia mbele yake umemkosa. Mtu wa kulengwa aanze kukaa mita 8, afu 12, afu atembee haraka kama anabebwa na maji. Kila mmoja arushe mpaka apate mara tano mfululizo. Mara nyingi wenye nguvu ndo wanakosa zaidi, wanavurumisha. Rusha kwa chini, taratibu, kwa mkono ulionyooka.

Marusho ya pili: ukikosa usianze kuirudisha kamba yote mfukoni. Vuta haraka, chota maji kidogo kwenye mfuko upate uzito, rusha tena.

Ukishamshika, usizungushe kamba kwenye mkono, kamwe. Kaa chini, miguu kwenye jiwe, mwenzako akushike jaketi kwa nyuma. Usimvute kama samaki, mshikilie tu, maji yenyewe yatamleta ukingoni kwenye nusu duara. Nguvu ikikuzidi tembea naye kwenda chini. Ikikuvuta mtoni, achia. Wa pili yuko pale.

Anayeokolewa anashika KAMBA sio mfuko, analala chali, kamba inapita juu ya bega la upande ulio mbali na mrushaji, mikono kifuani. Maji yatapita juu ya kichwa chake na atapata nafasi ya kupumua mbele ya uso. Akilala kifudifudi atakunywa mto wote.

HATUA YA SITA: MAZOEZI YA MAJINI

Hii usiifanye bila mtu anayejua. Jinja kuna maguidi wa rafting, wale wanaoshusha watalii mtoni kwa boti za upepo, ambao kila siku wanatoa watu kwenye maji makubwa ya Nile, waombeni waje au mwende kwao, mlipe, ni pesa ya maana. Chagueni mahali maji ni ya wastani, chini yake kuna kidimbwi kilichotulia, hakuna miti, pa kutokea ni wazi, na wenyeji wamethibitisha hakuna mamba wala kiboko.

Cha kwanza ni kuelea: chali, miguu mbele inakoelekea maji, vidole vya miguu juu ya maji, magoti yamekunjwa kidogo ili miguu ipokee mawe. Hapo unapumzika na kuangalia njia. Cha pili ni kuogelea kwa nguvu: geuka kifudifudi, elekeza kichwa upande wa ukingo unaoutaka, kwa mshazari wa digrii 45 dhidi ya maji, piga mikono kwelikweli mpaka uingie yale maji yaliyotulia nyuma ya jiwe kubwa. Usipigane na mto uso kwa uso, utachoka kabla haujachoka.

Cha tatu, na hiki kirudieni: USISIMAME. Mtu akibebwa, mwili wote unamwambia weka mguu chini. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili, maji yanakulaza mbele na huwezi kuutoa, na unaweza kufa kwenye maji ya kiunoni watu wakikuona. Simama pale tu ambapo makalio yanagusa chini.

Cha nne, mti mbele yako na huwezi kuukwepa: hapo tu ndo unageuka kichwa mbele, unaogelea kuuelekea kwa kasi yote, na ukiufika unajirusha juu yake kwa tumbo. Miguu ikitangulia itaingia chini na mwili utafuata. Fundisheni hiki kwa gogo lililofungwa kwenye maji ya taratibu, sio mti halisi.

Baada ya mazoezi kumbukeni bilharzia (kichocho), Nile na ziwa vinayo. Mwelezeni mhudumu wa afya kwamba kazi yenu ni ya majini, awapime na awape dawa inapotakiwa.

HATUA YA SABA: MTU AKIANGUKA KWELI

Mpangilio ni huu: mwite kwa sauti, mwambie aogelee wapi. Mfikie kwa mti au ngazi. Rusha kamba. Boti, kama ipo na watu wake. Kuingia mwenyewe ni kwa waliofunzwa tu, na hata wao wakiwa na jaketi na mrushaji chini yao. Najua ni kaka yako yule. Lakini ukiruka bila kitu, warushaji sasa wana watu wawili na kamba moja.

Mtu mmoja asimwondolee macho aliyeanguka hata sekunde, anamuelekezea kidole muda wote. Mwingine anapiga 999 au 112. Usimuache mtu yeyote avue jaketi.

Akitolewa na hapumui, usimkanyage tumbo, usimning'inize kichwa chini, hayo yanapoteza muda na yanamtapisha. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5, afu mkandamize katikati ya kifua mara 30, chini sentimita 5 mpaka 6, spidi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika, afu pumzi 2, endelea 30 kwa 2 mpaka aanze kupumua au msaada ufike. Waliozama wanakosa hewa, ndo mana unaanza na pumzi. Akipumua lakini hajitambui mlaze ubavu. Na yule aliyetoka anakohoa anasema niko sawa, anakwenda hospitali hivyohivyo, mapafu yanaweza kumbadilikia masaa baadaye.

Njiani kurudi, kama mto umepanda barabarani, gari lisipite. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kubeba gari dogo, 60 zinabeba hata pikapu kubwa, na huwezi kuona kama barabara yenyewe bado iko chini. Mei 2023 mto Katonga ulikata barabara kuu ya Kampala na Masaka, na hiyo ni lami ya taifa.

RATIBA

Mazoezi ya kurusha kamba: dakika 15 kila Jumatatu asubuhi kabla ya kazi. Ya majini: kabla ya mvua za Machi na kabla ya za Septemba. Kamba zikilowa zianikwe kivulini, zikaguliwe kwa vidole urefu wote, zirudishwe mfukoni kwa kusokomezwa, msizikunje mizunguko mana zitajifunga zikirushwa.

Afu kuna vibarua wa siku, wale wanaochukuliwa asubuhi barabarani. Mara nyingi hao ndo wanawekwa karibu zaidi na maji, na hawajui hata filimbi inamaanisha nini. Kibarua mpya hashuki ukingoni mpaka avae jaketi, aonyeshwe mlinzi wa juu ni nani, arudie kwa mdomo wake maana ya zile aina tatu za milio ya filimbi, na arushe kamba mbele yako ikamfikia mtu. Kama hakuna muda wa hayo, mpe kazi ya kuchanganya zege huku juu.